Nani Alitaja Koti

Bironi kwetu Nyawera kuna viti viwili
na meza yenye ufa wa ngumi.
Ngumi ni yangu. Miaka ile nilikuwa na sauti kubwa
na mkubwa wangu alisema: mtu ni muhogo mkavu,
usipomtwanga hatoi unga.

Nikamtwanga Mushagalusa, kijana wa kubeba saruji,
tangu saa mbili usiku hadi jogoo wa Kadutu.
Sikumgusa. Watu hudhani lazima uguse.
Nilimuuliza swali moja mara arobaini,
kila mara nikitia kitu kidogo, kama mpishi:
ulivunja mlango wa buluu, siyo?
kwa nondo, siyo?
ukiwa na koti jekundu, siyo?
Alfajiri akanipakulia chakula changu mwenyewe:
mlango, buluu. Nondo. Koti, jekundu.
Nikasema, mnaona, anajua anayoyajua mwizi tu.
Nikapiga muhuri.

Miezi saba ikapita
mwizi akakamatwa Uvira na simu za yule kambisti.
Hakuwa na koti. Alishangaa hata kuulizwa.
Nikalifungua faili, kidole juu ya kila mstari:
nani alitaja koti kwanza?
Mlikuwa na majibu matupu, kwa mwandiko wangu.
Maswali hatukuwa tukiyaandika.

Leo Mama Cibalonza yuko kiti cha pili.
Jumanne usiku, karibu na meza yake ya sambaza,
mlinzi Bisimwa alipigwa, na hadi sasa hajafumbua macho.
Nimetoka nyuma ya meza. Nimeketi ubavuni mwake,
sote tunatazama dirisha moja,
mabati ya Kadutu yakiteremka mlima chini ya mvua.
Nimemwambia: mimi sikuwepo, mama. Wewe ulikuwepo.
Sema lolote, hata la ovyo.
Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko zote:
nikanyamaza.

Sekunde ya nne, unataka kumwokoa.
Ya saba, ulimi unawasha.
Ya kumi na moja, anashusha pumzi:
"Kulikuwa na harufu."

Harufu, nikasema. Basi.

"Ya mafuta ya taa. Umeme ulikatika, nikawa nawasha koroboi,
njiti zimelowa, ya kwanza, ya pili —
alipita kwa njiti ya tatu.
Mwanga ulikuwa chini, nikamwona kuanzia chini.
Kiatu kimoja hakikuwa na kamba,
anakiburuta kwenye changarawe, shwaa, shwaa."

Na uso?

Likanitoka. Miaka yote hii, na bado likanitoka.
Akakunja vidole. Akaanza kunitafutia uso
kama mwenye nyumba anayekwangua sufuria
ili mgeni asiondoke na njaa.
"Labda mrefu. Labda ana ndevu.
Afande, wewe unaona alikuwa na ndevu?"

Sioni kitu, mama. Turudi kwenye njiti.
Na usipojua, useme hujui.

"Hilo nalo mnaliandika?"

Naliandika. Tazama:
Swali langu, baya: Na uso?
Jibu: Sijui.
Chini yake kiatu, kamba, shwaa mbili.
Ni kidogo. Bisimwa bado amelala,
na mkubwa ananipigia simu anataka jina kabla ya Ijumaa.

Jioni nikipanda kwenda nyumbani
hupita pale Mushagalusa anaposhusha saruji.
Vijana wenzake humwita Koti.
Nilishamwomba msamaha mara mbili, akapokea, ana adabu.
Ila juzi alinivuta kando, vumbi la saruji kwenye kope:
"Afande, mimi lile koti nalikumbuka.
Nakumbuka hata kifungo cha juu, kilikuwa kinaning'inia kwa uzi."

Haki ya Mungu, kifungo hicho sikumpa mimi.
Mimi nilimpa kile kingine,
cha miezi saba.